UZI: Marshali Bazaine, aliyekabidhi jeshi zima la Ufaransa kule Metz 1870. Msaliti au aliangushiwa jumba bovu?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Wapenzi wa historia za vita sogeeni, hii ni ndefu, mvivu wa kusoma apite kimya kimya asije akaanza kuuliza muhtasari uko wapi.

Tarehe 27 Oktoba 1870, kwenye kasri moja linaitwa Frescaty nje kidogo ya mji wa Metz, mashariki mwa Ufaransa, Wafaransa walisaini karatasi ya kujisalimisha kwa Wajerumani. Sio kikosi kilichojisalimisha, ni jeshi. Watu kama 170,000 hivi ukijumlisha na majeruhi na wagonjwa, maofisa kama 6,000, mizinga zaidi ya 1,400 ukihesabu na ya kwenye ngome, bendera 53 za vikosi, na marshali watatu kwa mpigo. Aliyekuwa anaongoza mzigo wote huo anaitwa François Achille Bazaine. Miaka mitatu baadaye wanajeshi wenzake wakamhukumu kifo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane. Bazaine hakuuza jeshi, hakuna hela aliyokula kwa Mjerumani. Alichofanya kwangu mimi ni kibaya kwa namna nyingine, katikati ya vita aliacha uaskari akaanza kucheza siasa, na jeshi alilokabidhiwa akaligeuza mtaji wake wa kukalia meza ya mazungumzo. Halafu waliokuja kumhukumu walijua fika kuna wenzake waliharibu vilevile na wakaachwa wanadunda.

Sasa huyu mtu ni nani. Kazaliwa Versailles 1811. Akajaribu kuingia École Polytechnique, chuo cha vichwa vya hesabu, mtihani ukamkataa. 1831 akaingia jeshini kama askari wa chini kabisa, yaani kuruta, hana mjomba wala jina la ukoo la kumbeba. Mwaka uliofuata akahamia ile Legioni ya Kigeni, kikosi cha Ufaransa cha askari wa mataifa ya nje, akapigana Algeria, akapigana Hispania kwenye vita vya Wacarlist, akaenda Crimea na Sevastopol ilipoanguka akawa gavana wa kijeshi wa mji, mwaka huohuo 1855 akaongoza askari wa nchi kavu kuiteka ngome ya Kinburn, 1859 yuko Italia anapigana Melegnano na Solferino. Risasi hakuwahi kuzikimbia na hata maadui zake hawakuwahi kusema ni mwoga, hilo mliweke akilini maana kesi yake ingekuwa nyepesi sana angekuwa mwoga.

Kilichomjenga na kumharibu ni Mexico. Napoleon III, Kaisari wa Ufaransa, alipeleka jeshi kule, akampandikiza mwanamfalme wa Austria, Maximilian, awe kaisari wa Wamexico ambao hawakumuomba. Bazaine akawa mkuu wa jeshi lote kule kuanzia 1863, mwaka uliofuata akapewa umarshali. Pembeni kidogo: kwenye jeshi hilo walikuwemo askari weusi zaidi ya 400 kutoka Sudan, walioazimwa na mtawala wa Misri Said Pasha, wakapelekwa Veracruz kwa sababu Wafaransa walikuwa wanakufa kama nzi na homa ya manjano. Hiyo inastahili uzi wake.

Huko Mexico Bazaine hakuwa mpiganaji tu. Alikuwa anasimamia mapato, anapanga nani awe nani, anazungumza na huyu huku anamtishia yule. 1865 akaoa binti wa Kimexico, Josefa de la Peña, wanamwita Pepita, binti ana miaka 17 mzee ana 54, na Maximilian akawapa jumba la Buenavista kama zawadi ya ndoa. Mapema 1867 Wafaransa wakafungasha wakaondoka, Juni mwaka huohuo Maximilian akapigwa risasi Querétaro. Minong'ono ikaanza kwamba Bazaine alikuwa na hesabu zake binafsi kule. Lakini raia Ufaransa walimpenda, hasa wapinzani wa Kaisari, wakimuona ni mtoto wa mtu wa kawaida asiyejipendekeza ikulu. Naendelea.

#2

Nimeweka kiti mkuu, na chai ya tangawizi ipo. Shusha.

#3

Miaka 54 na 17 😂 halafu mnasema mambo yameharibika siku hizi. Endelea kaka.

#4 Mleta uzi

Vita vya Ufaransa na Prussia, dola kuu ya Wajerumani, vikatangazwa 19 Julai 1870. Sababu za Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, na ile telegramu ya Ems mnazijua, naziruka. Kaisari Napoleon III akaenda mwenyewe mstari wa mbele ilhali anaumwa mawe kwenye kibofu, kukaa juu ya farasi tu ni mateso. Tarehe 6 Agosti akapigwa mara mbili siku moja kupitia makamanda wake, MacMahon kachapwa Wörth, Frossard kachapwa Spicheren. Na hapa Spicheren ndo doa la kwanza la Bazaine, alikuwa jirani kabisa na Frossard na divisheni zake, msaada wa maana haukufika, divisheni zilikuwa zinatembea huku na huku mpaka usiku ukaingia.

Paris kukawaka moto, wabunge wanapiga kelele apewe Bazaine jeshi, na 12 Agosti akapewa. Jamaa alikuwa hajawahi kuongoza jeshi la ukubwa ule dhidi ya jeshi la kisasa, na Kaisari mwenyewe bado yuko palepale Metz anatoa "ushauri". Mpango ni kurudi nyuma kuelekea Verdun wakaungane na MacMahon. Barabara ipo na muda upo ila mdogo. Tarehe 14 wakapigana Borny wakati wanavuka mto Moselle, kipande cha kombora kikamgonga Bazaine begani.

Sasa tarehe 16. Asubuhi Kaisari kaondoka na msafara wake kwenda Verdun. Bazaine badala ya kutembea anasubiri vikosi vilivyochelewa, na hapo Mjerumani mmoja anaitwa Alvensleben akaingia barabarani pale Vionville na watu kama 30,000 akidhani anapigana na mkia wa jeshi linalokimbia. Kumbe kagonga jeshi zima, watu zaidi ya 100,000 wako mbele yake! Kwa saa kadhaa yuko peke yake. Ikafika mchana hana pa kushika, akamtuma Bredow na wapanda farasi kama 800 wavamie mizinga ya Kifaransa uso kwa uso, karibu nusu yao hawakurudi ila muda ukapatikana.

Bazaine siku hiyo alikuwa wapi? Mbele kabisa. Anapanga mizinga kwa mkono wake, anakimbiza farasi kutoka betri hii hadi ile, wapanda farasi wa Brunswick wakavamia pale alipo nusura wamteke na akachomoa upanga kama kijana. Ujasiri safi. Ila hiyo ni kazi ya kapteni. Mkuu wa jeshi alitakiwa ajiulize huyu adui mbele yangu yuko wangapi na barabara yangu iko upande gani. Yeye muda wote anahofia ubavu wake wa kushoto, kwamba atatenganishwa na Metz, askari wa akiba wote anawasukuma huko, wakati njia ya Verdun iko kulia na upande huo Mjerumani alikuwa mwepesi mpaka jioni. Jua linazama, watu karibu 30,000 wako chini kwa pande zote mbili, wafu, majeruhi na waliotekwa, na Wafaransa bado wako palepale walipokuwa. Maofisa wengi walilala wakijua kesho asubuhi wanamalizia kazi.

Usiku Bazaine akatoa amri ya kurudi kuelekea Metz. Sababu aliyotoa, risasi na chakula vimepungua. Maghala ya Metz yalikuwa na risasi. Nishawahi kusoma utetezi wa kila aina kuhusu usiku ule na hakuna ulionishawishi.

#5

Mkuu unamwonea. Unahesabu vichwa tu, silaha je? Wajerumani walikuwa na mizinga ya Krupp ya chuma inayoshindiliwa kwa nyuma, Wafaransa bado na mizinga ya shaba ya kushindilia mdomoni. Hata ungeweka nani pale angechezea. Na ukumbuke kapewa jeshi siku nne tu kabla, limeshapigwa na morali ipo chini, makosa ya watu wengine yote kayarithi yeye.

#6 Mleta uzi

#5 hoja yako ya mizinga ni kweli kabisa na siibishii. Ila umeiacha nusu ya pili. Bunduki ya Mfaransa, Chassepot, ilikuwa inafika mita 1,200 wakati ile Dreyse ya Mjerumani ikizidi mita 600 unapiga hewa. Kwa hiyo Mfaransa akikaa mahali pazuri, amelala, anakungoja, ulikuwa unakufa kabla hujamuona vizuri. Na hicho ndicho kilichotokea tarehe 18 Agosti, Gravelotte na Saint-Privat.

Wajerumani kama 188,000, Wafaransa kama 113,000 juu ya mwinuko. Upande wa kusini jenerali wa Kijerumani Steinmetz aliwasukuma watu wake kwenye bonde la Mance mpaka wakavurugana na kukimbia. Kaskazini, Walinzi wa mfalme wa Prussia, vijana warefu wateule, walipandishwa kwenye uwanja wazi kabisa, mteremko hauna hata kichaka, kuelekea kijiji cha Saint-Privat. Marshali Canrobert wa Ufaransa na watu wake wamejificha nyuma ya kuta za mawe. Hao Walinzi walipoteza watu kama 8,000 pale, wengi ndani ya muda mfupi sana. Ukijumlisha siku nzima Mjerumani kapoteza kama 20,000, Mfaransa kama 12,000. Unaona? Silaha hazikumnyima Bazaine nafasi.

Canrobert anatuma watu, risasi zinaisha, nitumieni msaada, Wasaxon (Wajerumani wa Saxony) wananizunguka kupitia Roncourt. Walinzi wa Kaisari wa Ufaransa chini ya Bourbaki, askari bora kuliko wote waliopo, wako akiba wanasubiri amri. Na Bazaine yuko Plappeville, upande wa ngome, karibu na Metz. Siku kubwa kuliko zote za vita vile hakukanyaga uwanjani! Tarehe 16 alikuwa mbele kupita kiasi, tarehe 18 hakuonekana. Saint-Privat ikaanguka jioni, vikosi vikarudi chini ya ngome za Metz, mlango ukafungwa.

Hapo ndo mimi naona kitu kilibadilika kichwani kwa huyu mzee. Mpaka tarehe 16 unamuona askari aliyezidiwa na cheo. Baada ya hapo ni mtu anayetafuta sababu ya kukaa.

#7

Swali la kizembe: watu 170,000 wamezingirwa, kwanini wasitoboe tu sehemu moja waondoke? Waliowazingira walikuwa milioni?

#8 Mleta uzi

Sio swali la kizembe, ndilo hilohilo aliloulizwa mahakamani. Waliomzingira chini ya Prince Friedrich Karl hawakuwa wengi wa kutisha kumzidi, tena walitandazwa kwenye duara refu kuzunguka mji na mto unawakata katikati. Ukikusanya nguvu sehemu moja unakuta uwazi.

Tarehe 26 Agosti alianza kutoka, mvua ya radi ikamwagika, akaita kikao cha majenerali kwenye kasri la Grimont. Mkuu wa mizinga, Soleille, akawaambia risasi zilizopo ni za pambano moja tu, na kama jeshi likiondoka ngome ya Metz haitakaa muda mrefu. Wote wakakubali wabaki. Angalieni ujanja wa kikao kile, kila mtu kaongea kwa hiyo hakuna mwenye lawama. Na hakuwaambia wenzake wazi kwamba MacMahon alikuwa njiani anakuja kumtafuta.

Tarehe 31 wakajaribu tena, Noisseville. Jeshi lilianza kuvuka asubuhi, Mjerumani anawaangalia tu juu ya vilima na anaita wenzake. Mzinga wa kuanzisha shambulio ukalia saa kumi jioni. SAA KUMI JIONI wakuu. Hata hivyo wakachukua vijiji kadhaa, giza likaingia, kesho yake ukungu, wakarudi. Siku hiyohiyo ya pili, tarehe 1 Septemba, MacMahon na Kaisari walikuwa wanasagwa Sedan, tarehe 2 Kaisari kajisalimisha na watu zaidi ya 100,000. Tarehe 4 Paris wakatangaza Jamhuri.

Sasa Bazaine anajikuta ameshika jeshi pekee la kudumu lililobaki Ufaransa nzima. Aliyemtuma, Kaisari, ni mfungwa. Serikali mpya ya Paris haitambui moyoni. Na hapo ndo akili ya Mexico ikarudi. Kwanza akaachana na kupigana kwa nguvu, mapigano ya Oktoba yalikuwa ya kutafuta chakula zaidi. Akaanza kuandikiana na adui.

Tarehe 23 Septemba akaingia Metz mtu mmoja wa ajabu anaitwa Régnier. Hana cheo, hana barua ya Malkia Eugénie, mke wa Kaisari. Alichonacho ni picha ya mji wa Hastings, Uingereza, yenye maneno machache na sahihi ya mtoto wa Kaisari. Bismarck ndiye aliyemruhusu kupita kwenye mistari. Na Marshali wa Ufaransa akampokea, akaongea naye, kwa maelezo ya Régnier mwenyewe akafika mpaka kumwambia chakula kitaisha lini!! Halafu wakamtoa Bourbaki, yule mkuu wa Walinzi, kavalishwa kiraia na kitambaa cha msalaba mwekundu, katoka pamoja na madaktari wa Luxembourg, kaenda mpaka Uingereza. Kumfikia Malkia, mama anamshangaa, mimi sijamtuma mtu. Kurudi Metz Bourbaki ikashindikana.

Oktoba akamtuma Jenerali Boyer kwa Bismarck Versailles. Mpango ulikuwa jeshi liachiwe litoke, liende kurudisha "utulivu" Ufaransa kwa jina la utawala wa Malkia. Yaani jeshi la vita ligeuke jeshi la kutuliza raia wake. Bismarck alikuwa anamvuta tu kamba, kila siku inayopita farasi wanapungua. Malkia naye akagoma kusaini kukata ardhi ya nchi, na huyo mama kwa hilo nampa heshima yake.

#9

Aisee. Na askari wa chini hali ilikuwaje muda wote huo?

#10 Mleta uzi

Matope. Mvua za vuli, mahema yameoza, kuhara na homa kila kambi. Farasi wakakosa malisho wakaanza kula magome ya miti, wakala na manyoya ya mikia na shingo za wenzao, wakidondoka wanachinjwa. Nyama ya farasi ikawa ndio chakula chenyewe, na chumvi imeisha mjini, unaila hivyohivyo. Mkate ukawa unapunguzwa kila baada ya siku chache. Na farasi wakiisha maana yake mizinga haina wa kuivuta, kwa hiyo hata ukiamua kutoboa huwezi tena. Kila wiki aliyosubiri ilikuwa inamla yeye.

Bazaine alikaa kwenye nyumba nzuri Ban-Saint-Martin, kambini na hospitalini alionekana kwa nadra. Kuna kitu kingine raia wa Metz hawakumsamehe: jeshi lilikula akiba ya mji. Ngome peke yake na walinzi wake ingekaa miezi, ila ukileta midomo ya watu 170,000 ghala linafika chini haraka na mji unaanguka pamoja na jeshi.

#11

Huyu ni msaliti full stopu, sijui tunajadili nini. Anaongea na adui kwa siri huku vijana wanakula farasi bila chumvi! Gambetta, waziri wa serikali mpya, alimaliza kila kitu alipotangaza kwamba Bazaine kasaliti. Na zile bendera mleta uzi mbona umezipita haraka? Elezea watu.

#12 Mleta uzi

Bendera nilikuwa nazifuata. Siku za mwisho ikatoka amri bendera zote za vikosi zikusanywe zipelekwe ghala la silaha, na kila mtu akaelewa zinaenda kuchomwa. Kumbe kwenye mkataba zimeandikwa kuwa mali ya mshindi. Wengine wakashtuka mapema. Jenerali Lapasset akachoma za kwake akaandika kwamba brigedi yake haimkabidhi mtu bendera. Wengine walizichana wakagawana vipande. Zilizobaki, 53, zikaenda kwa Mjerumani.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya bendera. Wajerumani walikuwa tayari kuwapa Wafaransa heshima za kivita, yaani watoke na silaha na ngoma mbele ya adui kabla ya kuziweka chini. Bazaine akataka heshima hiyo iandikwe kwenye karatasi ila isifanyike. Kutembea mbele ya askari wake hakutaka. Tarehe 29 wakatoka kwenye mvua, vikosi vinakabidhiwa kama mzigo, na yeye alipopita kijiji cha Ars-sur-Moselle kwenye gari lake la farasi wanawake wakamzomea.

Madhara yake haya hapa. Wakati huo Gambetta ameunda jeshi jipya upande wa mto Loire, tarehe 9 Novemba likashinda Coulmiers na kuukomboa mji wa Orléans. Lakini Metz ilishaanguka, kwa hiyo Friedrich Karl na watu wake wako huru, wakashuka huko, mwanzoni mwa Desemba Orléans ikachukuliwa tena. Ndo maana hasira ilikuwa kubwa vile, angevumilia hata wiki chache, wangepumua.

Ila #11, Gambetta kusema "kasaliti" ilikuwa ni tangazo la waziri anayetaka taifa liendelee kupigana. Taifa likiambiwa limeuzwa linakasirika na linapigana, likiambiwa makamanda wako hawakujua kazi linakata tamaa. Hilo sio ushahidi wa mahakamani.

#13

Mimi naomba nimtetee mzee kidogo. MacMahon kapigwa Wörth, akapeleka jeshi lake kwenye mtego wa Sedan, likaisha pamoja na Kaisari. Adhabu yake ikawa nini? 1873 akawa RAIS. Le Boeuf alikuwa waziri wa vita aliyesema jeshi liko tayari kabisa kumbe askari wa akiba wanazunguka nchi nzima kutafuta vikosi vyao, yeye vipi? Frossard je? Canrobert alikuwepo kwenye vile vikao vya Metz akanyamaza, akaja kuwa seneta. Tusidanganyane, walitafuta mtu mmoja wa kubeba gunia la wote, na aliyepatikana ni yule asiyekuwa na ukoo.

#14 Mleta uzi

#13 hapo tunakubaliana kwa nusu, subiri kesi.

Mahakama ilikaa Versailles, Grand Trianon, kuanzia 6 Oktoba 1873. Rais wa mahakama alikuwa Duke wa Aumale, mtoto wa mfalme aliyepinduliwa 1848, Louis-Philippe. Tangu mwaka huo hakuwa ameongoza jeshi lolote vitani. Sasa chekini mpangilio: mtoto wa mfalme wa ukoo wa Orléans anamhukumu marshali wa utawala wa Bonaparte, kwa niaba ya Jamhuri ambayo wote wawili hawaipendi, chini ya rais ambaye naye jeshi lake liliishia mikononi mwa adui. Ungeambiwa ni tamthilia ungesema wamezidisha.

Bazaine akakaa pale mnene, mtulivu, majibu mafupi. Alipobanwa kwanini alizungumza na adui, akasema hali yake haikuwa na mfano, hakukuwa na serikali tena, hakukuwa na kitu kilichobaki. Aumale akamkata: Ufaransa ilikuwepo. Sentensi hiyo ikazunguka nchi nzima. Na hata ukimchukia huyo Duke ni lazima ukubali pale alimaliza kesi, maana swali zima lilikuwa hilo, askari anamtumikia nani mwajiri wake akianguka. Wakili wa Bazaine, Lachaud, akapambana, akafika mpaka kusoma barua ya Friedrich Karl inayomsifu Bazaine kuwa mtu wa heshima. Sasa unamtetea mtu aliyeshtakiwa kukabidhi jeshi kwa barua ya yule aliyekabidhiwa!

Tarehe 10 Desemba hukumu ikatoka, kwa kauli moja, kifo na kuvuliwa cheo. Hapa wanaosema "msaliti" wasome kwa makini, kosa alilokutwa nalo ni kusalimu amri na kuzungumza na adui kabla hajafanya yote ambayo wajibu na heshima vinamtaka afanye. Kujiuza haikuwemo. Majaji walewale waliomhukumu wakasaini barua palepale kuomba asamehewe, na MacMahon akaibadilisha ikawa kifungo cha miaka 20, tena bila ile sherehe ya kumvua alama za cheo mbele ya askari. MacMahon alikuwa na sababu zote za kutotaka maswali yaendelee.

Kwa hiyo #13, ndio, gunia lilikuwa la wengi. Lakini tofauti ya MacMahon na Bazaine ninayoiona mimi ni kwamba MacMahon aliharibu akiwa anajaribu kupigana. Alijeruhiwa Sedan asubuhi na mapema. Bazaine alikuwa na miezi miwili ya kuamka kila siku na kuamua upya kukaa.

#15

Na alifungwa kweli hiyo miaka 20?

#16 Mleta uzi

Hata mwaka hakumaliza 😂. Walimpeleka kisiwa cha Sainte-Marguerite mkabala na Cannes, ngome ileile alikowahi kufungwa yule mtu wa barakoa ya chuma. Familia iliruhusiwa kuja kuishi naye, hebu fikiria. Usiku wa 9 kuamkia 10 Agosti 1874 akateremka ukuta kwa kamba, chini kwenye mawe Pepita na binamu yake wanasubiri na mashua bahari imechafuka, wakapiga kasia mpaka meli ya kukodi iitwayo Baron Ricasoli, moja kwa moja Genoa.

Wengi hawaamini ile kamba, mzee wa miaka 63 na kitambi chake anashuka mwamba usiku? Wanasema alifunguliwa mlango. Kanali Villette, msaidizi wake, alifungwa kwa kumsaidia. Kwangu mimi yote mawili yanawezekana.

Akaishia Madrid kwenye umaskini. 1883 akatoa kitabu hukohuko kujitetea, hakikumsaidia. Pepita baadaye akarudi zake Mexico. 1887 akaja Mfaransa mmoja akajifanya mgeni, akamchoma kisu kichwani, mzee akapona. Akafa 23 Septemba 1888.

#17

Mimi bado nasema mleta uzi unampunguzia. Kama askari wangu wanakufa na njaa na mimi naongea na adui kuhusu nani atatawala nchi, utaniita nani? Jina la hiyo kitu ni usaliti, hela ipokelewe isipokelewe.

#18

Na mimi nauliza upande wa pili. Tuseme tarehe 17 Agosti asubuhi angesukuma kwenda Verdun, mizinga ile ya Krupp ingemwacha afike? Si angeishia Sedan mapema tu.

#19 Mleta uzi

#18, tarehe 17 asubuhi Alvensleben alikuwa na watu waliochoka kufa na mizinga isiyo na risasi za kutosha, vikosi vingine vya Kijerumani bado vinatembea vinakuja. Kwa masaa kadhaa uwanja ulikuwa wa Bazaine. Kufika Verdun sikuahidi, barabara moja ya kusini ilishakatwa, ingebidi azunguke kaskazini kupitia Conflans au Briey. Lakini hata angebaki palepale apigane tena, ndio nafasi nzuri kuliko zote alizopata vita nzima na aliitoa bure.

#17 neno ni lako, litumie. Mimi nabaki na karatasi ya mahakama.

Uzi wa wale Wasudani wa Veracruz nitauandaa, mwenye taarifa zao aje PM.